Tumempata wa Kukaa na Jaji Mchana

Nyumbani, mezani jikoni,
Jumapili, vyombo vya mchana bado havijaoshwa.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi, nyingi kuliko karatasi hii. U mzima? Kifua kimekuachia? Mara ya mwisho nilipokusikia ulikuwa unakohoa katikati ya kila neno huku unasema "ni vumbi tu, Dada". Mimi nakujua. Kwako hata homa ya kulazwa ni vumbi tu. Unalala? Unakula kitu cha moto, au unaishi kwa mkate na chai kama wanafunzi wenzako? Na yule unayekaa naye chumba kimoja, bado anaongea usingizini? Nijibu hayo yote kwanza kabla hujaniuliza lolote.

Sisi hatujambo. Shemeji yako mzima, mgongo tu unamsumbua kwa yale maboksi ya ghalani, na neno daktari hataki kulisikia. Mama mzima huko kwa kaka. Magoti yake ndiyo yale yale na mdomo wake ndio ule ule, Mungu amhifadhi.

Na mwanao Jaji hajambo. Amerefuka, mdogo wangu, hutaamini. Miguu imepita mahali pa kuwekea nyayo kwenye kiti chake cha magurudumu, ikabidi shemeji yako ashushe vile vyuma. Jino la mbele limeng'oka, kwa hiyo akikutazama kwa ile sura yake ya kukuhukumu, sasa kuna pengo katikati ya hukumu. Mtaalamu wa viungo anasema mtindio wa ubongo wenyewe hauzidi, ila mwili unakua na misuli inakaza, kwa hiyo mazoezi yasikosekane. Bado anasema ndiyo kwa kutazama dari na hapana kwa kugeuza uso, vilevile mlivyokubaliana ninyi wawili kabla sisi wazazi wake hatujajua kwamba ana la kusema.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Unajua nilivyo na simu. Nataka kusema moja nasema jingine, mara mtandao umekatika, mara tumeagana na sijasema kitu. Lakini sababu hasa ni yeye. Akisikia sauti yako hucheka mpaka mwili mzima unakakamaa, halafu tukikata simu anageuza macho kwenye mlango na hayatoi tena. Chakula hataki, hadithi hataki. Anasubiri uingie, kwa sababu kwa akili yake mtu aliyekuwa anaongea sasa hivi hawezi kuwa mbali. Ndiyo maana simu zangu siku hizi ni fupi, na nazipiga nikiwa kazini, nimejibana kwenye stoo ya lenzi. Usidhani nimekupunguza.

Na mimi mwenyewe si kwamba nimezoea. Nikipika nazidisha. Nikisikia mtu anaburuza ndala kwenye ngazi nainua kichwa. Siku moja nimeanika nguo, nikabakiza upande wako wa kamba mtupu, nguo za shemeji yako zimebanana huku kama watu wanaogombea kivuli. Akaniuliza, "Kule kuna nani?" Nikamwambia kuna upepo. Akanyamaza. Naye anakukumbuka, ila yeye hukukumbuka kwa kunyamaza.

Sasa nikueleze habari yenyewe, maana najua una kimuhemuhe.

Ulipoondoka nilijiambia mambo yatajipanga. Gari la darasa lake humrudisha saa sita, na kazi yangu haiishi mpaka jioni. Katikati hapo ndipo ulipokuwa wewe. Sikuwahi kupafikiria kama mahali. Nilikuwa natoka asubuhi, narudi jioni, namkuta ameoga, ameshiba, amenyooshwa miguu, anakucheka. Ulipoondoka ndipo nikaona ukubwa wa hilo pengo.

Mwanzoni Mzee wa Lenzi aliniruhusu niwe natoka saa sita. Unamjua bosi wangu alivyo, hana roho mbaya. Lakini duka lile mwenye kukata lenzi ni mimi, na miwani ya watu ikaanza kurundikana kwenye visahani. Mwisho akaniita, akavua miwani yake mwenyewe, akaifuta weee mpaka nikajua kuna jambo. "Mama Jaji," akasema, "mimi sikufukuzi. Lakini wateja hawaoni." Nikataka kucheka, nikashindwa. Alisema kweli. Akaniambia nitafute mtu wa mchana, na kwamba nisipompata itabidi amlete fundi mwingine.

Nikaanza kutafuta. Mdogo wangu, kutafuta mlezi wa nusu siku kwa mtoto wa kawaida ni kazi. Kwa mtoto kama wetu ni kuzunguka na roho yako mkononi ukiwauliza watu kama wanaweza kuishika kidogo.

Nilianza na ile chekechea ya karibu na kituo cha mafuta, maana nilisikia wanapokea watoto wa mchana. Mwalimu mkuu alitupokea kwa tabasamu pana. Alimwinamia Jaji, akaniuliza mimi, "Anaelewa?" Jaji akatazama dari. Mama yule naye akatazama dari, akitafuta kilichoko. Nikamweleza kuwa hiyo ndiyo "ndiyo" yake. "Oo," akasema, "sisi tunawapenda sana watoto hawa, ila..." Hilo "ila" lake lilikuwa na miguu, likatusindikiza mpaka getini.

Kisha akaja binti mmoja aliyeelekezwa na dada wa dukani. Mpole, msafi, ana barua nzuri kutoka kwa waliomwajiri. Mara mlango ukabamizwa na upepo, Jaji akashtuka kama anavyoshtuka, mikono juu, mgongo umepinda, macho yamemtoka. Yule binti akasimama, akasema anakwenda mara moja kununua vocha. Mpaka leo ananunua.

Basi nikamgeukia jirani wa juu, Mama Pacha. Naye huyo simsemi vibaya, nakuomba na wewe usimseme. Anampenda Jaji kwa dhati, wewe shahidi. Alinionea huruma, akasema mlete, atakaa na wanangu. Na alikaa. Lakini ana pacha wanaopanda madirisha, na kumlisha Jaji ni kazi ya mtu asiye na pa kwenda. Siku moja kulikuwa na joto, akaona midomo yake imekauka, akampa maji kwenye kikombe kama anavyowapa wanawe, kichwa kimelala nyuma, yakaingia mapafuni. Yaliyofuata unayajua, maana Mama alikupigia kabla hatujafika hata wodini.

Sitaki kuyarudia yale. Nitasema tu kwamba siku zile za hospitali, akiwa na ile mipira puani, kila muuguzi aliyeingia, Jaji alimwangalia mikono kwanza, halafu uso, halafu akageukia dirishani. Nilijua anamtafuta nani. Nilikuwa namtafuta huyo huyo.

Na ndipo ulipopiga simu ukilia, ukasema, "Dada, sema neno moja tu, nifunge mizigo." Nami nikakujibu, "Nitakupigia." Sikupiga. Tulipozungumza tena nikakuuliza habari za kikohozi, habari za mtihani, habari za hali ya hewa, na wewe kwa adabu yako hukuuliza tena. Usidhani nilisahau. Neno lenyewe lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, mdogo wangu. Nilipiga kimya kwa sababu nilijua nikifungua mdomo litatoka lenyewe.

Baada ya hapo nikarudi kazini siku moja moja, shemeji yako akibadilishana zamu na wenzake na kurudi nyumbani amechoka hoi. Tukawa tunapokezana mtoto mlangoni bila hata kusalimiana vizuri.

Basi siku hiyo niko dukani, simu sikioni, namsihi mtu wa wakala fulani wa kutafutia watu kazi. Namweleza: hatembei, haongei kwa mdomo, kula anakula polepole, anashtuka. Naona kila neno ninalosema linamfukuza yule mtu hatua moja. Alipokata, nikasikia sauti nyuma ya kaunta: "MTOTO GANI HUYO MAMA?"

Nilishtuka mimi, sembuse angekuwepo Jaji.

Alikuwa mama mmoja mtu mzima, mfupi, mkoba umemzidi ukubwa, ameleta miwani iliyovunjika sikio. Baadaye ndipo nikajua kwamba maisha yake yote alikuwa mtangazaji kituo kikuu cha mabasi, yule anayewaambia abiria gari lao linaondoka lango lipi. Amestaafu, lakini sauti imekataa kustaafu. Watu wanamwita Bi Kipaza, kwa kipaza sauti, na yeye anaitika bila kinyongo.

Nikamweleza kwa kifupi, nikingoja naye akumbuke vocha. Wengine wote walikuwa wameniuliza: ni mzito? anavaa nepi? anapata kifafa? Huyu akaniuliza, "Ana hasira?"

"Sana," nikasema.

"Afadhali. Mtoto asiye na hasira nitajuaje kama nimemkosea?"

Nikamwambia aje Jumamosi tuonane.

Nikwambie ukweli, alipoingia Jumamosi ile nilimkataa moyoni kabla hajavua viatu. Anaongea, mdogo wangu! Anaongea akiingia, anaongea akikaa, anaongea na sufuria. Alimsogelea Jaji akasema kwa ile sauti yake, "Mume wangu, hujambo!" Mtoto akaruka mzima mzima, mikono juu, akaanza kulia. Shemeji yako akasimama. Mimi nilishaanza kutafuta maneno ya kumtoa kwa heshima. Lakini yule mama hakurudi nyuma wala hakuniomba radhi mimi. Alimwomba radhi yeye. Akapiga magoti mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa Jaji, akanong'ona, "Nimekosa, mume wangu. Nitapiga honi kwanza." Kisha akafanya "pi" kidogo mdomoni, akangoja, ndipo akaongea. Jaji akamtazama. Ile tazama yake ndefu. Halafu akatazama dari.

Nikamwonyesha namna ya kumlisha, kama ulivyonifundisha wewe: mgongo wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo, kitu kizito kizito, kungoja mpaka ameze ndipo kingine kije. Nilitegemea aseme "nimeelewa" kama wote. Akavuta kiti, akakaa, akaweka mikono chini ya mapaja. "Nilishe mimi kwanza," akasema.

"Wewe?"

"Mimi. Nitamlishaje mtu kitu ambacho sijui kinavyoingia?"

Basi nikamlisha mama mtu mzima viazi vilivyopondwa, shemeji yako ameegemea mlango anajiuma midomo asicheke. Vijiko viwili tu, akaniambia, "Unanisukuma, Mama Jaji. Naona kama gari linaondoka na mguu wangu mmoja uko nje." Tangu siku hiyo hata mimi namlisha polepole zaidi. Alipoaga na mlango kufungwa, shemeji yako akasema, "Kama huyo ni mke wa mwanangu, basi mimi nimepata mkwe." Mpaka leo anamwita hivyo, mkwe, na yeye anamwita baba mkwe, na kumpigia goti la mzaha, na goti lenyewe linalia kwa uzee.

Tukamchukua. Anakuja saa sita kasoro, anampokea garini, anakaa naye mpaka nirudi. Siku za katikati ya wiki tu. Jumamosi na Jumapili tuko wenyewe.

Lakini usifikiri nilitulia. Nilimsumbua yule mama. Kila alichofanya nilikipima kwako. Anamfunga kitambaa cha kidevuni fundo la mbele, wewe ulikuwa unafunga la nyuma, nikamwambia. Anamweka dirishani wakati wa jua kali, wewe ulimweka baada ya jua kupungua, nikamwambia. Hata namna anavyokunja blanketi nilimwambia. Siku moja akaniuliza kwa sauti ya chini, na yeye sauti ya chini ni nadra, "Huyo mdogo wako, alikuwa anakosea chochote?" Nikamjibu hapana. Akatingisha kichwa, akaendelea kukunja.

Sasa sikiliza lililonifanya niandike.

Umeme ulikatika mtaa mzima wa dukani, mashine zikalala, Mzee wa Lenzi akatuambia twende zetu. Nikafurahi, nikasema leo nitawakuta mezani. Nafika, mlango umefungwa. Nafungua, kimya. Kiti chake cha magurudumu hakipo. Viatu vyake havipo. Kikombe chake kiko mezani, bado kina maji.

Nilishuka zile ngazi sijui nilizikanyaga wapi. Namwuliza Mama Pacha, hajawaona. Namwuliza muuza magazeti, ananionyesha kwa kidole tu upande wa juu wa barabara. Nikakimbia na viatu vya kazini, koti la kazini, miwani ya kukatia lenzi bado iko kichwani. Nilikuwa nimeshajiandalia maneno, mdogo wangu, maneno ambayo sitayaandika kwenye barua.

Wapo kwa kinyozi.

Mlango uko wazi. Jaji yuko mbele ya kioo, kwenye kiti chake mwenyewe, kitambaa cheupe shingoni, kichwa kimeshikwa na Bi Kipaza kwa mikono miwili. Na ile mashine inalia. Ile mashine! Wewe unajua. Siku ile tulipojaribu tulimtoa akiwa amekakamaa kama ubao, na tangu hapo hakuna aliyethubutu. Ndiyo maana ukawa unamkata wewe kwa mkasi, amelala mapajani pako, kipande kidogo leo, kipande kesho, nusu ya kichwa chini nusu juu mpaka umalize. Watu walikuwa wanaona ana nywele za ajabu, sisi tulikuwa tunaona ni mapenzi.

Nikataka kuingia. Nikasikia sauti ya Bi Kipaza. Alikuwa anatangaza, taratibu kabisa, mdomo karibu na sikio lake: "Abiria mume wangu, mashine sasa inaondoka sikio la kulia... inapandisha kilima... inapita utosini... hapa itasimama kidogo kushusha abiria... imesimama. Sasa inashuka kwenda kisogoni, shingo itasikia baridi... haya, imefika." Na kinyozi, kijana wa watu, anamfuata yeye. Akisema imesimama, anasimama. Akisema inaondoka, anaondoka. Kila mahali mashine ilipofika, Jaji alikuwa ameshajua kwamba inakuja. Hakushtuka hata mara moja. Alikuwa anajitazama kwenye kioo kwa ukali, kama mtu aliyekuja kukagua duka.

Nilisimama nje ya mlango, nikalia. Unajua nililia nini? Zilikuwa zinaanguka nywele ambazo mkono wa mwisho kuzigusa ni wako. Kinyozi akachukua ufagio, akazikusanya pamoja na za watu wengine, akazimwaga. Nikaona kama anafagia siku zako zote ulizokaa nasi. Nikataka kumwambia acha. Na wakati huo huo mwanangu yuko pale, ameketi mbele ya kioo cha kinyozi kama wanaume wengine, kichwa kimetulia. Sikujua nishike lipi.

Tulipofika nyumbani nilimgombeza. Nisikufiche. Nikamwambia, "Hukuniambia."

"Ningekwambia ungesema la," akajibu.

"Ndiyo, ningesema la! Lakini ni mwanangu. Nimekuta nyumba tupu. Unajua mtu anayetoka hospitali na mtoto anavyokuta nyumba tupu?"

Akanyamaza. Mama yule, anyamaze! Akavua miwani, ile niliyomtengeneza mimi, akaishika mkononi. "Hapo umenishinda," akasema. "Kituoni hakuna gari linaloondoka bila kutangazwa. Nimekukosea, Mama Jaji." Tukakubaliana: akitoka naye, anapiga simu kwanza. Na mimi nikakubali kwamba watatoka.

Akaenda zake. Nikabaki namwangalia Jaji, kichwa chake kidogo kipya, masikio yametokeza kama ya babake. Ndipo nikaelewa kwamba muda wote ule sikuwa natafuta mlezi. Nilikuwa nakutafuta wewe. Nilitaka mtu aingie na hatua zako na mikono yako na fundo lako la nyuma, na kila aliyeingia nilimhesabia kosa la kutokuwa wewe. Bi Kipaza hatakuwa wewe. Anachelewa, anasahau kofia, anamwambia siri zetu muuza magazeti. Lakini anamtoa mtoto nje, na mtoto anarudi na mambo usoni mwake ambayo sijui yametoka wapi. Siku hizi jioni natumia muda mwingi kumwuliza: mmeona mbwa? mmeona moto? mmemwona yule mzee wa baiskeli? Anageuza uso, anageuza uso, mpaka nipate. Zamani nilikuwa najua siku yake yote kwa kuwa ulinisimulia wewe.

Leo asubuhi nilimwambia nakuandikia. Nikamwuliza, "Unataka Mama Mdogo arudi?" Akatazama dari kabla sijamaliza kutamka. Sikufichi, ndivyo ilivyokuwa. Nikamwuliza, "Arudi sasa, aache masomo ya ukunga?" Hakutazama dari wala hakugeuza uso. Alinikazia macho tu, yale macho anayomkazia mtu aliyeuliza swali ambalo si la mtoto.

Na kweli si lake. Ni langu. Basi neno uliloniomba ni hili: kaa. Kaa usome. Ulingoja nafasi hiyo huku ukimbeba mwanangu ngazi zote hizi, kila mwaka ukisema "mwakani", na mimi nikikubali kirahisi kwa sababu mwakani kwako ilikuwa leo kwangu. Jaji anakula, anatembezwa, ananyolewa. Mzee wa Lenzi hajamleta fundi mwingine. Mama akikupigia akilia mwambie Dada amesema kaa.

Nakutamani hapa kila siku iendayo kwa Mungu, na sitaacha. Lakini nataka likizo ikifika uje kama mgeni. Uje na mikono mitupu, ukae kwenye kiti kizuri, upikiwe wewe. Na ujiandae: Jaji atakununia. Atageuza uso siku nzima, labda mbili. Umvumilie, anayo haki.

Mama anakusalimu, anasema uvae soksi. Kaka na wifi wanakusalimu, na wanao wote huko. Shemeji yako anakusalimu, nilimwuliza niongeze nini, akafikiri sana, akasema, "Mwambie kamba ya nguo bado ina nafasi." Mama Pacha anakusalimu na bado haniangalii usoni vizuri, ukipata nafasi mwandikie mstari mmoja, atafurahi. Bi Kipaza anakusalimu pia ingawa hamjuani. Anasema wewe ni mke mkubwa, naye anajua mipaka yake.

Nami nina ombi moja. Kuna wimbo ulikuwa unamwimbia Jaji ukimvalisha viatu. Mimi sikuwahi kuusikiliza, saa hizo nilikuwa natoka mbio kwenda kazini. Akishikwa mguu anatoa sauti moja ndefu, kisha ananyamaza na kungoja sisi tuendelee. Hatujui kinachofuata. Bi Kipaza amejaribu nyimbo zote anazozijua, na anageuziwa uso kila mara. Tuandikie maneno yake, mdogo wangu, hata kama ni ya kijinga, hata kama uliyatunga mwenyewe. Tutaimba vibaya, lakini tutaimba.

Mungu ailinde hiyo mikono yako itakayopokea watoto wa watu, akupe usingizi na akili za mtihani, na atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi nikupendaye, na nisiyezoea nyumba bila wewe,

Dada yako, Mama Jaji.